Kizunguko Chini ya Jicho la Kushoto

Mabanda ya Farasi, Uwanja wa Mbio wa Mahalaxmi,
Bombay.
Ijumaa, 3 Februari 1989.
Huu ni mwaka wa tano tangu nitoke nyumbani.

Mpendwa Kaka Bhakhar,

Pokea Ram Ram yangu, na umfikishie Ma heshima zangu miguuni pake. Natumaini mguu wako umeunga vizuri na sasa unaweza kufika kisimani bila fimbo. Uwele je, mlipata chochote cha kutia ghalani? Na yule ngamia, bado anamuuma kila anayemtandika? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula na nafanya kazi ninayopewa, ila usingizi umenikataa, na tangu nianze ukurasa huu nimeshainuka kwenda kuchungulia banda ambalo si langu tena, nikarudi, nikainuka tena. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue ni hivyo.

Telegramu yako niliipata Jumatatu. Niliisoma mwenyewe, kisha nikampa Yunus, saisi mwenzangu anayetunza farasi wa banda la jirani, asome naye, nione kama kwake pia imeandikwa hivyo hivyo. Akasoma: "Dhapu amepona, usihangaike." Nikamwambia asome tena. Akanirudishia karatasi akasema, "Mtoto amepona, ndugu yangu. Unataka nisome mpaka augue upya?" Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya rundo la majani makavu nikakaa huko mpaka kengele ya kulisha ilipogongwa.

Katika barua yako ya kabla ya hapo uliniuliza kwa nini siji. Ulisema mtoto anachemka usiku na mchana, mke wangu Sugni hasemi na mtu, na mimi kila nikiandika najaza habari za farasi mmoja kana kwamba yeye ndiye niliyemzaa. Maneno hayo yaliniuma, na yalikuwa ya haki. Leo nataka kukujibu bila kuficha, maana watu wetu wa Marwar walioko hapa watakuletea habari zao, na kila mmoja ataongeza chumvi yake. Bora uisikie kwangu.

Nianze na shamba la kuzalishia farasi kule nje ya Pune, nilikoanzia. Kazi yangu ya kwanza sikuwahi kukueleza kwa sababu barua ilikuwa inasomwa mbele ya Ma. Farasi wa mbio hawapandishwi kwa sindano kama ng'ombe wa serikali. Sheria yao inataka dume na jike wakutane wenyewe. Lakini dume wa nasaba ni mali nzito, na jike asiye tayari akimpiga teke, mguu ukivunjika, ni kilio shamba zima. Kwa hiyo hutangulizwa dume wa kienyeji. Huyo ndiye nilikuwa namshika mimi. Anambembeleza jike juu ya ukuta, anamlilia, anamnusa, na jike akishalainika sisi tunamvuta dume wetu kwa kamba kumrudisha bandani, halafu analetwa bwana mkubwa. Yunus, ambaye wakati huo alikuwa shambani pia, alikuwa akiniambia, "Pokar, wewe na huyo dume ingefaa muwe mnakunywa chai pamoja. Wote mmeoa, na wote hamlali nyumbani." Nilimzoea yule dume. Alikuwa na moyo mzuri kwa mnyama anayekosewa kila siku.

Mwenye shamba ni Jal Seth, Mparsi mzee wa hapa Bombay. Alikuwa na jike mmoja mzee ambaye mimba yake ya mwisho ilisubiriwa kama mvua ya kwetu. Ilisemekana mkewe Seth ndiye aliyechagua dume, baada ya kusoma nasaba za farasi majira mazima ya baridi. Mtoto akazaliwa alfajiri moja ya Januari, mtamba, rangi ya kahawia iliyoiva, hana unywele mmoja mweupe kwenye paji wala miguuni. Jemadari wetu sisi masaisi, Bhosle, alikuwa anamkausha kwa gunia. Alipofika usoni akasimama. Akageuka pembeni, akatema mate, akaniita. "Marwari, njoo umchukue mwenzio. Mashamba yenu yameshakauka, atawaliza nini tena?"

Nikainama kutazama. Chini ya jicho la kushoto nywele zilikuwa zinazunguka, kama maji yanavyozunguka yakiingia tunduni. Kizunguko cha machozi. Wewe huhitaji kuelezwa kwamba humliza mwenye farasi. Unakumbuka siku ile kwenye gulio la Tilwara, Baba alipompenda yule farasi mweupe wa kupandisha mabwana harusi, akamkagua meno na kwato, kisha akapitisha kidole chini ya jicho na kumrudishia mwenyewe kamba. Muuzaji akateremsha bei, akateremsha tena. Akamwambia Baba achome kizunguko kwa shaba ya moto, yaishe. Baba akamjibu kwamba dawa hiyo anaijua, ila hamchomi mnyama usoni ili apunguziwe bei. Yule wa Pali aliyemnunua alifiwa na mke kabla ya mwaka kwisha. Tulikuwa wadogo, lakini nadhani hujasahau.

Basi hakuna saisi aliyemtaka, nikapewa mimi. Kwenye karatasi za mbio anaitwa Gulnar. Mimi nilimwita Binti, kwa sababu nilikuwa nimemwacha Dhapu anatambaa, na mdomo ulitaka neno hilo. Nilimfundisha kufuata kamba, kuinua kwato, kuvumilia tandiko. Alipotimiza miaka miwili tulipanda naye lori tukaja uwanjani. Alikuwa na kasi ambayo mkufunzi hakuisema kwa sauti, lakini vizimba vya chuma, vile ambavyo farasi huingizwa mbio zinapoanza, alivichukia. Walimsukuma watu wanne hakuingia. Nikainua kiganja changu nikamfunika lile jicho la kushoto, na kizunguko chake, nikatembea naye. Akaingia kama anaingia nyumbani kwake. Tangu hapo ikawa desturi. Nikiinua mkono, alikuwa analeta uso mwenyewe kabla sijamfikia.

Mbio za kwanza alishindwa. Za pili, Pune, katika mvua, alishinda kwa mbali mpaka watu wakaacha kupiga kelele wakawa wanatazama tu. Jal Seth alivua kofia akanipa mkono mbele ya matajiri wenzake. Nikarudi chumbani na shada la maua ya manjano shingoni, nimevimba kama bwana harusi, nikakuta telegramu ya kifo cha Baba juu ya blanketi. Mlikuwa mmeshamchoma moto tangu jana yake.

Akashinda tena, ukaniandikia kwamba nyati wetu wa maziwa amekufa. Tukaja Bombay, akashinda, nawe ukaanguka na mkokoteni ukavunjika mguu. Yunus alifanya mzaha, kama kawaida yake: "Farasi anashinda Bombay, nyati anakufa Marwar. Hii reli ameijenga nani?" Wenzetu wakacheka. Mimi sikucheka, akaona. Jioni akanifuata akasema, safari hii bila utani, "Sikiliza. Nyinyi mnasema machozi humwendea mwenye farasi. Mwenye farasi ni Seth. Basi yaende kwa Seth, yeye ana leso nyingi. Wewe ni saisi, yanakutafutia nini?"

Kaka, swali hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nililigeuza juu chini kwa wiki nyingi, hata nikipiga brashi. Farasi hajui nani alilipa. Farasi anamjua anayemletea maji, anayemtoa mwiba, anayelala mlangoni pake akiumwa tumbo. Ukimuuliza Binti mwenyewe wake ni nani, hangegeuka kumtazama mzee anayekuja Jumapili na sukari mfukoni. Angenitazama mimi. Na nitakuambia jambo la aibu: katikati ya hofu nilifurahi. Seth alipata vikombe, mimi nilipata telegramu, na kila telegramu ilikuwa inaniambia kwamba farasi huyu ni wangu.

Ndipo ikaja barua yako ya homa ya Dhapu. Mbio kubwa za majike wa miaka minne, zile ambazo Seth alikuwa amezingoja tangu kabla Binti hajazaliwa, zilikuwa Jumapili iliyofuata. Nilimwendea jemadari kuomba ruhusa. Akasema, "Baada ya Jumapili nenda hata mwezi mzima. Kabla ya Jumapili, nani atamwingiza kwenye kizimba? Mjomba wako?" Nikarudi. Nilikuandikia kwamba nimenyimwa ruhusa, na hiyo ni kweli, lakini ni nusu yake. Nusu ya pili ni hii. Hakuna lango lililokuwa limefungwa. Treni za Marwar zinaondoka kila siku, na nauli nilikuwa nayo. Watu wamewahi kuondoka bila ruhusa na wakapokewa tena. Nilibaki kwa sababu nilitaka kumwona akikimbia. Mwambie Sugni hivyo hivyo. Usimpunguzie.

Nilitaka vyote viwili. Nilitaka nibaki, na mtoto apone. Na nilijua njia moja tu ya kuvipata vyote viwili.

Jumamosi adhuhuri, wakati masaisi wameshakula na kujilaza, nilichomoa pete ya shaba kwenye hatamu kuukuu, nikaiweka ndani ya makaa ya jiko la chai. Ilipokuwa nyekundu nikaishika kwa koleo nikaenda bandani, nimeificha mgongoni. Sikumfunga Binti. Sikumshika pua. Niliinua kiganja cha kushoto kama siku zote, na yeye akaleta uso mwenyewe.

Niache hapo kidogo.

Nimetoka nje nimerudi. Hakulia, Kaka. Alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia, akasimama akitetemeka, na jicho lile likawa linatiririka maji. Banda zima lilinuka nywele zilizoungua. Nilimpaka samli na manjano, naye akaniacha nimpake, lakini shingo yake ilikuwa ngumu kama mti. Jemadari alipouliza nikasema amejikwaruza kwenye msumari. Aliniamini, akaenda kumtukana seremala. Moyoni nilikuwa nasema, basi, sasa Dhapu atapoa, na kesho huyu atakimbia, na hakuna atakayelia.

Sikujua jambo moja, ambalo kila karani wa uwanja analijua. Kila farasi wa mbio ana kitabu chake, na ndani yake mna picha ya kuchora inayoonyesha alama zake, ili mtu asilete farasi mwingine kwa jina la huyu. Wenye nyota kwenye paji au soksi nyeupe hutambuliwa kwa hizo. Binti hana weupe popote. Alichokuwa nacho cha kumtofautisha na majike wengine wa kahawia ni kile kizunguko. Sisi tulikiita balaa, wao walikuwa wamekiandika kama jina lake.

Siku ya mbio, daktari wa uwanja alimzunguka akiwa na kitabu mkononi. Akafika jicho la kushoto, akatazama kitabu, akatazama ngozi mbichi yenye manjano, akatazama kitabu tena. Akaniuliza, "Hapa pamekuwaje?" Nikasema msumari. Akaita wenzake wawili, wakainama, wakanong'ona. Msumari haukwaruzi duara. Kipaza sauti kikatangaza kwamba Gulnar ameondolewa. Maelfu ya watu walipiga miluzi, wakachana tiketi zao, vipande vikaanguka mpaka kwenye tandiko. Mbio zilikimbiwa bila yeye. Alizisikia kwato zikipita upande wa pili wa ua, akainua masikio, akavuta kamba kutaka kwenda. Sijui nitaisahau lini.

Jal Seth alikuja bandani peke yake na fimbo yake. Jemadari alikuwa ananitukania ukoo wote, wazee mpaka wajukuu. Seth akamwambia atoke. Akageuza ndoo, akaketi juu yake na suti yake nyeupe, akaniuliza kama mtu anayeuliza njia, "Nani kafanya hivi?" Nikasema ni mimi. Nikamweleza yote, Tilwara, Baba, nyati, mguu wako, homa ya mtoto. Nilidhani atanipiga ile fimbo na nilitaka anipige.

Akasema, "Kwa hiyo unasema mimi sijalia."

Nikasema, "Seth, wewe umeshinda vikombe."

Akasema, "Mke wangu alimchagulia huyu baba yake. Alikuwa anangoja kumwona tu, basi. Akafa mtamba angali tumboni mwa mama yake, hajaota hata unywele. Sasa niambie, we Pokar, mtu wa farasi, hicho kizunguko chako kilikuwa wapi siku hiyo?"

Akaniuliza kwa nini sikumwendea yeye kuomba ruhusa. Angenipandisha treni jioni ileile, na farasi akikataa kizimba na akatae. Ningemjibu nini? Kwamba niliogopa angekubali? Akaomba maji. Nikampa kwenye kikombe changu, akanywa, akabaki ameshika kikombe hadi giza likaingia.

Wakubwa wa uwanja wamechukua kibali changu. Damu ya Binti itapelekwa ng'ambo ikalinganishwe na ya mama yake, kuhakikisha ndiye, na majibu yakija msimu utakuwa umekwisha. Seth hataki tena mambo ya uwanja. Ameamua Binti arudi shamba awe mama. Juzi alimtuma jemadari kwangu, na Bhosle alisema maneno yale kana kwamba anameza dawa: Seth anasema niende naye, kule hakuna haja ya kibali, nilimlea yeye na nitawalea na watoto wake. Nilishindwa kuamini masikio yangu. Nikakimbia bandani na kipande cha sukari guru, ile anayoipenda.

Niliinua mkono. Akatupa kichwa juu, macho yakawa meupe, akarudi mpaka kwenye ukuta uleule. Nikashusha mkono, nikangoja, nikauinua tena taratibu, na sukari ikiwa wazi kiganjani. Akajibana zaidi. Yunus alikuwa nyuma yangu. Hakufanya mzaha. Akachukua ile sukari mkononi mwangu, akamnyooshea, na Binti akaja akala, huku jicho la kushoto likinitazama mimi.

Basi Yunus ndiye atakayekwenda naye Pune. Nilimwambia asisahau kumfunika jicho akimpandisha lori. Akasema, "Nitatumia kitambaa. Mkono hautaki tena." Ni kweli. Na hapo ndipo nilipofahamu kwamba shaba imefanya kazi yake. Mimi si mwenyewe wake tena.

Telegramu yako ilifika Jumatatu, nami nilimchoma Jumamosi. Yunus anasema homa za watoto huja na kuondoka, na kwamba pengine Dhapu alikuwa ameshakaa anacheza wakati mimi nakoroga makaa. Pengine. Pengine ni Jumamosi ileile adhuhuri. Kaka, nakuomba kitu kimoja tu kama ndugu yako: usiniambie homa ilimtoka siku gani. Mwambie na Sugni asiniambie, na Ma, na jirani yeyote aliyekuwepo. Ikiwa ni kabla, sitaweza kuishi na uso ule niliouchoma. Ikiwa ni saa ileile, sitaweza kuishi na mimi mwenyewe, maana nitajua kwamba ningefanya tena.

Nisalimie Ma, mwambie nimekonda kidogo lakini bado natambulika. Nisalimie shemeji na watoto wote, na wazee wa kisimani. Sugni mpe salamu zangu ukimaliza kumsomea yote, usimpe kabla. Usitangaze habari ya Seth. Wakiuliza, sema nimechoka na Bombay.

Natarajia kupanda treni Jumatano na kushuka stesheni ya Luni asubuhi ya Ijumaa, tarehe kumi. Ukiweza, njoo na mkokoteni. Kama Dhapu ana nguvu, mlete. Lakini akiniogopa, usimsukume wala usimwambie anishike mkono. Mimi nitaiweka mikono yangu chini, nitakaa pale kwenye jukwaa la stesheni, nimngoje aje mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Pokar